Bi. Koleta Nshoma na Hafla Nane za Programu Huria

Jumatatu tarehe 30 Juni 2008, Bi. Koleta Nshoma, mtunza stoo wa Kituo cha Mafunzo Kibimba, atakabidhi funguo zake kumi na saba na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Atakuwa ametumikia Kituo kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Tunasema atakabidhi funguo kwa sababu ndivyo barua ya utumishi inavyosema. Wanaomfahamu wana mashaka kama zote kumi na saba zitatoka kwenye kile kitambaa anachozifungia kiunoni, na mkuu wetu, Bw. Yohanes, ameagiza makufuli mapya matatu kwa tahadhari tu.

Bi. Koleta alifika hapa Machi 1976 akitokea Lusahunga, wilayani Biharamulo, akiwa na cherehani moja ya mkono na barua ya kuajiriwa kuwa mwalimu wa ushonaji. Wakati huo Kituo kilikuwa vyumba viwili na choo. Wasichana aliowafundisha kupinda pindo leo ni mabibi wenye wajukuu, na bado wakikutana naye njiani huficha vitambaa vyao asije akakagua mishono. Mwaka 1981 stoo ilibaki bila mtu, akaombwa aishike kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili zinakwisha mwezi huu.

Mwaka 1994 dunia nzima ilisikia jina la Benaco, kambi ya wakimbizi wa Rwanda hapa wilayani Ngara. Kituo kiliombwa kuazima wafanyakazi wa kusaidia mgao wa chakula, na Bi. Koleta akaazimwa. Alikwenda na kanga mbili akidhani atarudi Jumapili. Alirudi baada ya miaka miwili na ushei, amekonda, na akiwa na ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha: anaweza kusimama mbele ya watu elfu tano wenye njaa, akanyanyua mkono mmoja, na wakapanga foleni. Familia ya mtu mmoja hapa, ya wawili pale, ya watatu kule, hadi ya kumi na kuendelea. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Foleni. Huwa hapendi tumwite hivyo, lakini akiitwa hugeuka.

Haya yote ni kazi njema, na yangetosha kwa risala ya kawaida. Lakini ukiuliza leo kuanzia Kibimba hadi Lukole, kambi ya wakimbizi wa Burundi, watu watamtaja Bi. Koleta kwa jambo jingine kabisa. Watakuambia habari za hafla. Mtunza stoo wetu, ambaye mpaka leo hushika kipanya cha kompyuta kwa vidole viwili kama anayemtoa mende kwenye unga, ndiye aliyeandaa hafla nane za kuzindua programu huria katika wilaya hii. Na katika miaka yote hiyo kulikuwa na swali moja ambalo watu walimuuliza, na ambalo yeye mwenyewe lilimkosesha raha: kambi ikifungwa, jambo hili litavuka mpaka pamoja na wakimbizi, au litazimika pamoja na jenereta?

Kwa wasomaji wa jarida hili ambao hawakai na kompyuta, tueleze kidogo. Kompyuta haifanyi kazi bila programu kubwa ya kuiendesha, na nyingi za programu hizo huuzwa. Programu huria haiuzwi. Wanaiandika watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na ukiipata una ruhusa ya kuinakili, kuibadilisha na kumpa jirani. Hiyo tunayotumia sisi hutoa toleo jipya kila Aprili na kila Oktoba, na toleo likitoka, wapenzi wake kila mahali hukusanyika, hula, hunywa, na kuliweka kwenye kompyuta pamoja. Kituo kilipojenga chumba cha kompyuta kumi jirani na kambi ya Lukole mwaka 2003, mahali ambapo mwanakijiji na mkimbizi wanaweza kufika wote bila kuvunja masharti ya kibali cha kutoka kambini, tukaona na sisi hatuna sababu ya kukosa sherehe.

Hafla ya kwanza ilikuwa Oktoba 2004. Walimu wa kompyuta tulijua kompyuta. Kuhusu kukusanya watu hatukujua lolote, kwa hiyo tulimwomba Bi. Koleta atusaidie. Boksi la CD mia mbili lilikuwa limefika posta ya Ngara, limetumwa bure kutoka ng'ambo. Alituuliza maswali mawili tu: ni za bure, na ni za nani? Tukamjibu kwamba ni za bure, na ni za kila mtu. Akasema sawa, ameelewa.

Tangazo likapita kambini na vijijini kwa kipaza sauti cha mkononi: Jumamosi saa tatu, kuna kitu cha bure, kila mtu afike. Jumamosi saa moja asubuhi uwanja ulikuwa umejaa watu wenye kadi za mgao, magunia, ndoo na makopo. Mtu yeyote mwingine angeshika kichwa. Bi. Koleta alinyanyua mkono. Ndani ya robo saa foleni zilikuwa zimenyooka, familia ya mmoja hapa, ya wawili pale, na kabla Bw. Yohanes hajamaliza kufunga tai, mgao ulikuwa umeanza. Familia ya mmoja, CD moja. Familia ya sita, CD sita. Mzee Minani wa kambini, mwenye watu tisa nyumbani kwake, aliondoka na CD tisa ndani ya ndoo, akashukuru sana, akauliza kama zinachemshwa au zinakaangwa.

Ilipofika saa nne boksi lilikuwa tupu. Kompyuta zetu kumi zilikuwa zinasubiri ndani, na hatukuwa na CD hata moja ya kuzindulia. Bw. Yohanes alikaa chini kwenye ngazi. Kwa wale waliokuwepo, ule uso wake hausahauliki, na tunamshukuru kwa kutokasirika pale tulipouiga kwenye maigizo ya Krismasi.

CD zile hazikupotea, maana zilionekana kutoka barabarani. Wiki ile mtama ulikuwa unaiva bondeni, na wakulima wa Kibimba na wa bustani zote za kambini waligundua kwamba CD ikining'inizwa kwa uzi hung'aa na kuzunguka kiasi cha kufukuza ndege. Inasemekana shamba la Mzee Minani lilikuwa halitazamiki saa sita mchana. Ikabidi mwalimu mmoja apande baiskeli, aingie kwenye mtama, aombe CD moja isiyo na mikwaruzo. Ndiyo tuliyoitumia kuzindua, wiki mbili baada ya sherehe.

Mtu mwingine angejificha stoo mpaka aibu ipoe. Bi. Koleta alikuja ofisini Jumatatu akasema kosa ni lake na hafla ya Aprili ataiandaa tena yeye. Alikuwa amekaa akafikiri. Alisema mgao ni wa kitu kinacholiwa kikaisha. Kitu hiki hakiliwi, na mtu akiondoka nacho peke yake ni sawa na kuondoka mikono mitupu, kwa sababu hana kompyuta wala hana wa kumuuliza. Kwa hiyo akatunga sheria yake. Kuanzia hapo hakuna aliyepokelewa kwenye hafla akiwa peke yake. Wangekuja wawili wawili, mmoja wa kambini na mmoja wa kijijini, wangekaa kwenye kompyuta moja, na CD ingekuwa moja, ya wote wawili.

Tulimwambia haiwezekani. Miaka ile wanakijiji walikuwa wamechoshwa na kukatwa kwa miti na wizi wa mikungu ya ndizi, na wakimbizi nao walichoka kuitwa wezi kila mkungu ulipopotea. Bi. Koleta akasema yeye hajaomba wapendane, ameomba wakae kwenye benchi moja kwa saa mbili. Mlangoni aliweka meza, na aliyekuja peke yake alirudishwa. "Nenda ukamlete mwenzako," alikuwa akisema, "nafasi yako ipo." Watu walikuwa wanasimama nje wakitazamana kwa kona ya jicho, kisha mmoja anacheka, na wanaingia. Ndivyo Niyomugabo, fundi baiskeli wa kambini, alivyokutana na Kezia, mkulima wa kahawa wa Kibimba, ambaye alikuja kumsindikiza shangazi yake tu. Niyomugabo alikuwa na mikono ya ufundi na Kezia alikuwa na subira. Baada ya mwaka mmoja wote wawili walikuwa wanatusaidia kufundisha.

Hafla za Bi. Koleta zilikuwa na utaratibu wake mwingine uliotupatia sifa wilaya nzima. Kwa kuwa mafuta ya jenereta yalikuwa ya kupima, aliamua hotuba na kazi viende pamoja. Programu ikianza kuwekwa kwenye kompyuta ya mbele, mgeni rasmi anasimama. Kwenye skrini kuna mstari wa bluu unaojaa polepole kuonyesha kazi imefika wapi. Mstari ukijaa, hotuba imekwisha, hata kama mgeni yuko katikati ya neno. Wageni walilalamika. Wasikilizaji walimbariki. Tumewahi kusikia hotuba ya dakika ishirini na mbili kutoka kwa kiongozi ambaye kwa kawaida hamalizi salamu katika muda huo.

Haki itendeke, tuseme pia habari za Oktoba 2005. Mgeni wetu, diwani mmoja mcheshi, alikuwa anakaribia mwisho wa karatasi yake ya pili. Mstari ulipofika asilimia tisini na nne, ukasimama. Diwani aliutazama. Bi. Koleta aliutazama. Sheria ni sheria. Diwani akaendelea kuhutubia, akamaliza kilimo akaingia afya, akamaliza afya akaanza kusimulia jinsi alivyomuoa mke wake, na chai ikapoa kwenye birika. Baada ya saa moja na robo Niyomugabo alinyata mbele, akaitoa CD, akaifuta kwa shati, akairudisha, na mstari ukasonga. Watu walipiga makofi ambayo diwani yule anaamini hadi leo kuwa yalikuwa yake.

Sheria yake ya tatu ilikuwa kutozindua kabla ya siku. Aprili 2006 mgeni mmoja mzito alitaka hafla ifanyike wiki moja mapema ili imkute akiwa njiani kwenda Mwanza. Lilikuwepo toleo la majaribio, na sisi walimu tulikuwa tayari kulitumia. Bi. Koleta alikataa katakata. Alisema watu wa kambini wameishi miaka mingi wakipewa vitu vilivyokwisha kutumiwa na wengine au vilivyokataliwa na wengine, nguo za mitumba, unga wa msimu uliopita. Kitu hiki kimoja wanakipata siku ileile anapokipata mtu wa Ulaya, kikiwa kipya, na yeye hatakigusa kabla ya saa yake. Mgeni alipita kwenda Mwanza. Tulimwona Bi. Koleta anampungia mkono kwa adabu kabisa.

Ndiyo maana mwaka huu ulimwelemea. Kambi ya Lukole inafungwa. Tangu Januari misafara ya kurudi Burundi imekuwa ikiondoka, na mabenchi yetu yamekuwa yakipungua watu upande mmoja. Tulikuwa na wanafunzi arobaini wa kambini waliobaki, kila mmoja na mwenzake wa kijijini, wote wakisubiri hafla ya nane. Toleo jipya lilipangwa kutoka Alhamisi tarehe 24 Aprili. Majina ya msafara yakabandikwa ubaoni: wote arobaini wangeondoka Jumatatu tarehe 21.

Siku tatu. Bi. Koleta alikwenda kwenye ofisi ya msafara akiwa amevaa gauni lake la Pasaka. Alirudi mapema. Alituambia hakuomba tarehe isogezwe. Alifika mlangoni, akamwona kijana aliyeshika orodha ya majina, akakumbuka idadi ya akina mama ambao yeye mwenyewe aliwahi kuwaambia Benaco kwamba orodha haibadilishwi. Akamsalimia yule kijana, akampa pole ya kazi, akaondoka.

Sisi tulipendekeza mambo mawili. Tuzindue Jumapili kwa toleo la majaribio, au tuwape wanafunzi CD za toleo la zamani na kuwaaga vizuri. Bw. Yohanes aliona la pili linatosha, na kusema kweli wengi wetu tulikubaliana naye. Bi. Koleta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hafla itakuwa Jumamosi tarehe 26, toleo likiwa limetoka, na wanafunzi watakuwepo. Alichobadilisha ni mahali. Ingefanyika Kabanga, mpakani, upande wetu, kwenye uwanja ulio jirani na soko, ambako mtu aliyerudi Burundi anaweza kufika na kurudi siku hiyohiyo.

Jumatatu tuliwasindikiza. Bi. Koleta alipita lori moja baada ya jingine na kuwaambia wote neno moja, Jumamosi, Kabanga, saa nne. Walimwitikia, "Ndiyo Mama," kama ambavyo watu huitikia chochote wakiwa juu ya lori na watoto na masufuria. Niyomugabo alimpa Kezia bisibisi yake kubwa amtunzie. Kezia alikaza macho kwenye gurudumu la lori. Nasi tulirudi kwenye chumba cha kompyuta kumi, na hapo hakuna aliyefanya mzaha.

Alhamisi jioni toleo lilitoka. Dishi letu la intaneti lililivuta taratibu hadi Ijumaa alasiri, na kufikia magharibi tulikuwa tumenakili CD arobaini. Jumamosi asubuhi, siku ya Muungano, wengine wakienda kwenye gwaride, sisi tulikwenda mpakani na pikapu ya Kituo, jenereta, kompyuta mbili, turubai na chupa za chai. Nyuma yetu ilikuja Fuso ya kukodi ikiwa na wanakijiji thelathini na mmoja wa Kibimba waliotaka kukaa tena na wenzao. Kezia alikuwa amepakata mfuko wenye bisibisi na mkate wa ndizi.

Ofisa wa uhamiaji wa zamu ile alitupa uwanja mpaka saa kumi jioni. Bi. Koleta akaazima mabenchi kwenye mgahawa wa jirani, akayapanga kwa watu themanini. Saa nne ikafika, hakuja mtu. Saa tano, hakuja mtu. Wafanyabiashara walipita na mizigo ya vitunguu wakitushangaa. Saa sita wanakijiji walianza kukaa nafasi mojamoja kwenye benchi, wameacha pembeni yao pengo la mtu mmoja, na kwa kweli ilikuwa ngumu kutazama.

Saa saba Bw. Yohanes alimsogelea. Alisema kwa upole kwamba watu wamefika nyumbani baada ya miaka mingi, wana mashamba ya kutafuta na ndugu wa kuwaona, na si aibu wasipokuja. Tuzindue sisi wenyewe, mafuta yasiishe. Bi. Koleta hakumgeukia. "Mkuu," alisema, "Benaco kuna siku malori ya mahindi yalichelewa, watu wakanisubiri kwenye jua tangu asubuhi hadi jioni, na hawakuondoka. Leo wacha na mimi nisubiri."

Saa saba na nusu ilionekana baiskeli. Aliyekuwa amebebwa nyuma ni Niyomugabo, na miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Aliruka chini, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo Mama, wako nyuma." Gari walilochangia lilikwama kwenye matope, wengine walikuwa wanakuja kwa miguu. Bi. Koleta aliitikia marahaba, akamuuliza wako wangapi. Hakujua. Tukaanza kuhesabu vichwa vilivyokuwa vinateremka ile barabara, wanne, saba, kumi na wawili, wanakijiji wameshasimama juu ya mabenchi na wanaita watu kwa majina. Walifika kumi na tisa.

Programu ikaanza kuwekwa. Hatukuwa na mgeni rasmi, kwa hiyo mstari wa bluu ulipoanza kujaa Bi. Koleta alimwambia Niyomugabo asimame. Alizungumza Kiswahili, akichanganya na Kirundi pale alipozidiwa. Alisema amekuta nyumba ya baba yake ina watu wengine, na shauri liko kwa wazee wa kilima, kama kijiji kinavyoitwa kwao, na hajui mwezi ujao atalala wapi. Lakini kwenye tarafa yao kuna shule yenye kompyuta tatu zilizofunikwa kwa mashuka, na hakuna mtu anayejua kuziwasha. Yeye anajua. Alisema hilo ndilo jambo pekee alilokuwa na uhakika nalo wiki ile, na alikuja kuchukua CD yake. Mstari ulijaa kabla hajamaliza. Bi. Koleta alimwashiria aendelee. Ni mara moja tu katika hafla nane alipovunja sheria ile, na shahidi ni sisi wote.

Kisha alifanya jambo ambalo mtunza stoo wetu hajawahi kufanya tangu 1981. CD za wanafunzi ishirini na mmoja ambao hawakufika, alizifunga pamoja kwenye kitambaa, akampa Niyomugabo bila kumtaka atie sahihi popote. Alimwambia zile si za kwake. Ni za watu, kila moja ina jina juu yake, na wamesambaa mikoa ya Muyinga, Kirundo, Ruyigi na kwingine. Awatafute. Niyomugabo alipokea kwa mikono miwili. Kezia akamrudishia bisibisi.

Saa kumi kasoro tano uwanja ulikuwa umefagiwa. Njiani kurudi Bi. Koleta alikaa mbele kwenye pikapu, na mwandishi wa makala haya, aliyekuwa kati yake na dereva, anaweza kuthibitisha kwamba alilala kabla ya kilometa ya tatu na kukoroma vizuri.

Wiki iliyopita dereva mmoja wa lori aliacha barua kwenye geti la Kituo. Ilitoka kwa Niyomugabo. Wazee wameamua kiwanja cha baba yake kigawanywe nusu kwa nusu, na ameanza kufyatua matofali. Zile kompyuta tatu zinawaka. Kati ya wale ishirini na mmoja amewapata kumi na wanne, mmoja wao kwa kutembea siku mbili. Saba bado. Oktoba, toleo jipya likitoka, watafanya hafla shuleni hapo, ya kwanza kwao. Wanamwalika Bi. Koleta awe mgeni rasmi, aje akae kwenye kiti tu, asishike kitu chochote.

Alisoma barua hiyo stoo, amesimama kati ya magunia ya saruji. Tulimwona akilia, na hatujawahi kumwona akilia, hata miaka ile ya Benaco. Alipomaliza aliifuta miwani, akatuuliza kama tunadhani wana mabenchi ya kutosha, na kama kuna mtu aliyejaribu jenereta yao.

Bi. Koleta, Kituo kinakushukuru kwa miaka thelathini na miwili. Kwa pindo zilizonyooka, kwa stoo ambayo haikuwahi kupotelewa na msumari, kwa foleni, kwa mabenchi ya watu wawili wawili, na kwa kutukatalia kila mara tulipotaka njia ya mkato. Tumejifunza kwako kazi ambayo tulidhani ni ya kompyuta, kumbe ni ya watu. Mzee Emilian, mumeo, amekusubiri Lusahunga kwa uvumilivu, akikuona mwisho wa mwezi tu, na tunaambiwa amepaka nyumba chokaa mara mbili. Nenda ukapumzike naye. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na mvua za wakati wake, na ukae kwa raha ukijua kazi yako imevuka.

Ile orodha ya majina saba uliyoibandika juu ya meza yako, usiondoke nayo. Tuachie. Tutawatafuta sisi.

Frednand Kazimili, mwalimu wa kompyuta, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo